Kuvu Dhidi ya Kuvu: Mkulima wa Singida Ana Haki ya Kuuliza



Mwaka 2016 watu 20 walifariki dunia katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu katika chakula, hasa mahindi. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu iishiyo udongoni, nayo huzidi pale mazao yanapopatwa na joto na ukame. Kuanzia Manyoni hadi Iramba hali ni hiyo hiyo, na mahindi na karanga ni chakula cha nyumbani. Basi msiba wa jirani ni onyo.

Mwaka 2018 ilisajiliwa nchini Aflasafe. Hizi ni punje za mtama zilizookwa ili zisiote, zikapakwa aina za kuvu hiyo hiyo zisizoweza kutengeneza sumu. Katika mahindi, kilo 4 humwagwa kwa kila ekari wiki mbili au tatu kabla ya kuchanua. Kuvu njema hutangulia, ikainyima mbaya nafasi.

Mkulima atauliza: yawezekanaje kumwaga kuvu shambani kwa makusudi? Kuuliza si ujinga. Hata wataalamu huanzia hapo. Kwanza, kijidudu hicho kimetoka wapi? Aina hizi zilitafutwa humu humu nchini, hazikuletwa kutoka ng'ambo. Pili, kinaweza kuirudia sumu? Vinasaba vyake hukaguliwa, kuhakikisha kwamba upungufu unaozuia sumu ni wa kudumu. Tatu, kina madhara gani kwa mtu na mifugo? Hapa hapana budi kusema kweli: vumbi la kuvu yoyote laweza kumdhuru mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu. Kwa hiyo anayemwaga avae glavu na kufunika pua na mdomo.

Aidha, ieleweke kwamba dawa hii haiondoi sumu iliyokwisha kuingia katika punje. Majaribio mengi yameonyesha sumu ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80, lakini mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo au kuwekwa ghalani yakiwa mabichi yataharibika tu.

Kusajiliwa si mwisho wa uchunguzi. Mazao yapimwe kila msimu, na bwana shamba awajibu wakulima kwa uwazi. Mkulima aliyejibiwa ndiye atakayeitumia dawa kwa kipimo chake na kwa wakati wake.