Kutembea na Mzazi Anayepona

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme machache juu ya kutunza wagonjwa nyumbani. Nitasema jambo moja tu: kutembea.

Mzazi akipatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili hulegea. Akitoka hospitali tunamkalisha chini ya mwembe, tunampa chai, halafu tunaenda shambani. Hiyo tunaiita heshima. Kumbe mguu usiotumika unazidi kudhoofika, na moyo nao unakata tamaa. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia jambo lile lile kila siku.

Basi daktari akikubali, mtembezeni. Anayemsaidia asimame upande ule dhaifu, nyuma kidogo. Asimvute kwa mkono uliolegea, bega linaweza kuteguka. Fimbo ishikwe kwa mkono wenye nguvu. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Wakati wa kushuka, ule dhaifu hutangulia. Rudini kabla hajachoka. Akiumwa kifua au akikosa pumzi, simameni, tafuteni msaada upesi. Na dawa ya presha asiiache kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Lakini kuna zaidi ya mguu. Mama yangu alipougua, tulianza na safari ya kutoka mlangoni hadi zizi la mbuzi, basi. Baada ya majuma kadhaa tulifika mpaka wa shamba. Akasimama, akanyoosha fimbo, akanieleza mti upi ulipandwa na babu, na kwa nini mtaro ule ulipindishwa. Maneno yalitoka polepole, mengine yakikatika. Nikangoja. Mkono wa kumshika ulikuwa wangu, lakini mwenye kujua njia alikuwa yeye.

Sasa niwaombe. Mara nyingi kazi hii huachiwa binti mmoja, naye anachoka, halafu mzee anarudi kukaa kitini. Hapa mna zamu za kulimiana na za mchezo wa pesa. Ongezeni na zamu hii: nusu saa tu, jirani amtembeze mzee, binti apumzike.

Na mkikutana nao njiani, msimwulize binti, "Mzee anaendeleaje?" Msalimieni mzee mwenyewe, kisha mngoje ajibu.