Msuguano Uwekwe Wapi? Nishati ya Mawimbi Muda Unaposonga



Tuanze na uzi uliokazwa na kufungwa ncha zote mbili. D'Alembert aliuandikia mlinganyo mwaka 1747. Kwa mlinganyo huo, pasipo msuguano, nishati ya mwendo ikijumlishwa na ya mvutano haibadiliki: uzi hutetema milele. Tukiongeza msuguano a unaopinga kasi yake, nishati haina budi kupungua. Lakini kwa upesi gani, na nini huamua?

Jibu la haraka ni kwamba tuzidishe msuguano. Tukokotoe. Chukua urefu π, kasi ya wimbi 1, na a iliyo sawa kila mahali. Mtetemo wa namba n, unaokwenda na muda kama e^(λt), hufuata λ² + aλ + n² = 0. Kwa a = 1, mizizi yote ina sehemu halisi −1/2, na nishati hushuka kama e⁻ᵗ. Kwa a = 10, mtetemo wa kwanza una mzizi −5 + √24, takriban −0.1. Tuuachie uzi kutoka utulivu ukiwa na umbo la mtetemo huo. Ifikapo t = 10, ule wenye a = 1 umebakiwa na chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya nishati yake; wenye a = 10 bado una zaidi ya asilimia 13. Msuguano mzito umeushika uzi ukiwa umepinda, na kurudi kwake ni kwa kujikokota.

Tukiingia kwenye eneo la vipimo viwili, mahali pa msuguano ndipo penye uamuzi. Rauch na Taylor mwaka 1974, kisha Bardos, Lebeau na Rauch mwaka 1992, walifuata miale: mistari inayokwenda moja kwa moja na kuakisiwa ukingoni. Ikiwa kila mwale hupita penye msuguano kabla ya muda fulani T, nishati ya masuluhisho yote hushuka kwa kasi moja ya kipeo. Kwangu mimi, hili ni miongoni mwa matokeo mazuri kupita yote katika fani yetu: jiometria inatoa hukumu kabla hatujatatua chochote.

Sasa weka msuguano ndani ya duara katikati ya mraba. Mwale wima ulio karibu na ubavu hupanda na kushuka bila kuligusa duara. Kwa mbinu ya Ralston ya 1969, mawimbi ya masafa ya juu hujikusanya kando ya mwale huo na kudumu kwa muda wowote tuutakao. Kila suluhisho bado hufifia hadi sifuri, ila hakuna kasi moja inayoyatosha yote. Lebeau alithibitisha mwaka 1996 kwamba hali za mwanzo zikiwa laini vya kutosha, angalau kasi ya kilogarithi ipo.

Kwa wanaotumia kompyuta, tahadhari hii ni ya lazima. Tukiugawa uzi kwa gridi ya kawaida, na msuguano ukiwa kwenye kipande kimoja tu, mawimbi mafupi ya ukubwa wa gridi husafiri kwa kasi inayokaribia sifuri, hivyo hayafiki penye msuguano. Kadiri gridi inavyokuwa laini, ndivyo kasi ya pamoja ya kushuka inavyopotea, ingawa mlinganyo wenyewe unayo. Dawa ni kuyachuja masafa hayo, au kuongeza mnato mdogo wa kihesabu unaoisha gridi inapokaribia sifuri.