Cheti cha Mwenendo Mwema kwa Anayehamia Ng'ambo

Cheti cha mwenendo mwema huonyesha kama mwombaji ana rekodi ya jinai. Nchini Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol ya Polisi ya Uganda, Kololo, Kampala, mbali sana na Bwera, mji ulio kwenye mpaka wa Uganda na Kongo huko Mpondwe. Alama za vidole hulinganishwa na kumbukumbu za polisi. Ada ya cheti haipiti mkononi mwa dalali.

Linalosahaulika sana mpakani Mpondwe ni miaka ya kuishi Kongo. Kanada, kwa mfano, humtaka mwombaji wa ukaazi wa kudumu alete cheti cha kila nchi aliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, baada ya kutimiza miaka 18. Basi aliyeishi Kasindi au Beni muda huo aanze mapema kutafuta pia cheti cha Kongo.