Maradhi Yasiyojulikana ya Mji wa Minamata

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Usiku huu hatutasema habari za kura wala za viti. Tutasema habari za samaki, maana sisi ni watu wa kisiwa, na asiyekula kwa bahari hapa ni mchache.

Kusini mwa Japani, katika kisiwa cha Kyushu, uko mji mdogo uitwao Minamata. Walioanza kuugua huko ni paka. Walipepesuka, wakazunguka kama wachezao ngoma, wengine wakatumbukia baharini. Mwezi wa Aprili 1956 akapelekwa hospitali mtoto wa kike wa miaka mitano: kutembea hawezi, kusema hawezi sawasawa. Siku chache baadaye akafuata nduguye mdogo. Tarehe 1 Mei 1956 Dk. Hajime Hosokawa, mganga mkuu wa hospitali ile, akatoa taarifa kwamba umezuka ugonjwa wa ubongo usiojulikana asili yake.

Watu wakadhani ni maradhi ya kuambukiza. Nyumba zikapigwa dawa, jirani akamkimbia jirani. Lakini wagonjwa wengi walikuwa jamaa za wavuvi, walao samaki na kombe wa ghuba yao, na katika ghuba hiyo kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga maji yake machafu tangu 1932. Hospitali yenyewe ilikuwa mali ya kiwanda. Hilo tunawaomba mlishike.

Mwezi wa Julai 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitamka kuwa sumu ni zebaki. Kiwanda kikakana. Na huku nyuma, mwaka 1958, kilikwisha ugeuza mfereji wake ukamwagie mdomoni mwa mto, na maradhi yakatokea upande huo pia! Dk. Hosokawa akamlisha paka, aliyepewa namba 400, chakula kilichotiwa maji ya kiwanda. Mwezi wa Oktoba 1959 paka akashikwa na maradhi yale yale. Wakubwa wa kiwanda wakaificha habari hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Desemba 1959 wagonjwa waliandikishwa mkataba: yen 300,000 kwa kila maiti, zikiitwa fedha za pole, wala si fidia. Na ndani yake kikatiwa kifungu kwamba hata ikija kuthibitika kuwa kiwanda ndicho kilichowadhuru, hawatadai tena. Mtu mwenye njaa na maiti ndani ya nyumba hutia sahihi, hatuwezi kumlaumu.

Maji yale yakaendelea kumwagwa mpaka 1968. Ndipo, mwezi wa Septemba mwaka huo, Serikali ya Japani ikakiri kwamba kiwanda ndicho sababu. Tarehe 20 Machi 1973 mahakama ya Kumamoto ikakibatilisha kifungu kile, ikawapa wagonjwa haki yao.

Dk. Hosokawa hakuidiriki siku hiyo. Alitoa ushahidi wake mwaka 1970, akiwa mgonjwa kitandani, akaisema mbele ya hakimu habari ya paka namba 400. Mwaka huo huo akafariki.