Maana ya Mitra



Katika siku hii ya Yubilei tumemwona Baba Askofu akiingia kanisani na mitra kichwani, nasi tumefurahi. Lakini wako watoto, na hata watu wazima, waulizao: Je, kofia hii si taji ya fahari tu, kama zile za wafalme? Swali hili ni la haki, wala halifai kunyamaziwa. Basi na tulijibu kwa habari za mitra moja ya kale.

Katika nyumba ya makumbusho ya mji wa München, nchi ya Ujerumani, imewekwa mitra ya hariri iliyotoka katika nyumba ya watawa wanawake ya Seligenthal. Ilitariziwa kwa uzi wa dhahabu yapata mwaka 1200, na wajuzi huihesabu kuwa kazi ya Waingereza. Upande mmoja yuko Stefano, apigwa mawe. Upande wa pili yuko Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, auawa kwa upanga.

Thomas alikuwa waziri na rafiki wa Mfalme Henry wa Pili. Mwaka 1162 akafanywa Askofu Mkuu, na baada ya hapo wakagombana juu ya haki za Kanisa, hata akakaa ugenini Ufaransa miaka sita. Alirudi mwaka 1170. Na tarehe 29 Desemba mwaka ule ule wapiganaji wanne wa mfalme wakamwua ndani ya kanisa lake, wakimkata kichwani kwa panga. Mwaka 1173 akatangazwa kuwa Mtakatifu, na mwaka 1174 mfalme mwenyewe alikwenda kaburini pake kwa miguu mitupu, kutubu.

Basi angalieni, ndugu. Askofu aliyeivaa mitra ile alichukua juu ya kichwa chake sura ya askofu aliyepasuliwa kichwa. Wafalme hutarizi ushindi wao. Kanisa lilitarizi mauti ya watumishi wake. Hilo ndilo jibu letu: mitra si fahari ya mtu, ni ukumbusho wa deni.

Tena iko siri katika kazi ya mafundi wa Kiingereza wa zamani zile. Uzi wa dhahabu waliulaza juu ya nguo, kisha wakaukamata kwa uzi wa kitani kutoka chini, wakauvuta kidogo ndani, hata kitani kisionekane. Watu husifu dhahabu. Lakini kitani kikikatika, dhahabu haina kiishikacho.

Walimu wa vijijini, akina mama mfundishao sala nyumbani, ninyi ndinyi kitani kile. Katika Yubilei hii majina yenu hayakuimbwa, lakini pasipo ninyi hatungekuwa na cha kushangilia. Tumwombee Askofu wetu, nasi tushike imara. Amina.