Orodha za Stringi Ndani ya Bafa Moja: Urefu Usiachwe Nyuma



Mada niliyopewa inahusu kuhifadhi na kusimamia orodha ya stringi za lugha ya C ndani ya bafa moja ya kumbukumbu. Kabla ya kuingia kwenye pointa na vitanzi, naomba tuitazame amri ambayo wengi wetu tunaiandika bila kufikiri:

    find . -name '*.txt' | xargs wc -l

Weka faili liitwalo Ng'ombe.txt kwenye saraka hiyo, kisha iendeshe tena. xargs italalamika kuwa kuna nukuu isiyofungwa, na kazi itakwama. Sababu ni kwamba xargs, isipoelekezwa vinginevyo, huiona ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, na huiona nafasi tupu kuwa mpaka kati ya jina na jina. Sisi ambao majina yetu yamejaa ng' hatuwezi kuliita hilo jambo la nadra.

Dawa yake inajulikana: find -print0 upande mmoja na xargs -0 upande wa pili. Jina la faili katika Unix linaweza kubeba baiti yoyote ile isipokuwa mbili tu, mkwaju na sifuri. Mkwaju umo tayari ndani ya njia ya faili, kwa hiyo sifuri ndiyo baiti pekee inayoweza kuwa mpaka bila kugongana na jina la mtu. Swichi hizo zilitumika miaka mingi kwenye zana za GNU na BSD kabla ya kuingizwa rasmi katika kiwango cha POSIX, toleo la 2024. Kinachopita kwenye bomba hilo ndicho kitu tulichokuja kukijadili: stringi zilizopangwa moja baada ya nyingine, kila moja ikiishia kwenye sifuri.

Historia nitaipitia haraka. Lugha ya BCPL iliweka idadi ya herufi mwanzoni mwa stringi. Lugha ya B ikauacha utaratibu huo na kutumia alama ya mwisho, na C ya Dennis Ritchie pale Bell Labs ikaurithi uamuzi huo. Ritchie mwenyewe alieleza baadaye kwamba walitaka kukwepa kikomo cha urefu kinachotokana na kuibana idadi ndani ya biti 8 au 9, na pia kwamba kutunza idadi kila wakati waliona ni usumbufu. Kwa mashine za wakati ule ilikuwa hesabu nzuri. Gharama imetufikia sisi: stringi ya C haijui urefu wake, na ukizipanga kadhaa pamoja, orodha haijui hata ziko ngapi.

Sasa tuingie ndani ya bafa. Chukua majina matatu, Tanga, Lamu na Pemba. Tanga inaanzia nafasi ya 0 na sifuri yake iko nafasi ya 5. Lamu inaanzia 6, sifuri yake iko 10. Pemba inaanzia 11, sifuri yake iko 16. Hizo ni baiti 17. Swali ni moja: msomaji atajuaje kwamba baada ya nafasi ya 16 hakuna jina jingine?

Windows ilijibu kwa kuongeza sifuri ya pili, hapo nafasi ya 17. Aina ya data iitwayo REG_MULTI_SZ kwenye rejista yake iko hivyo, na kichujio cha aina za faili kwenye dirisha la zamani la kufungulia faili kiko hivyo pia. Kitanzi cha kuisoma ni kifupi cha kuvutia:

    for (p = bafa; *p != '\0'; p += strlen(p) + 1)
        puts(p);

Kiangalie vizuri kitanzi hiki kinasimama lini. Kinasimama kikikutana na stringi tupu. Kwa maneno mengine, zile "sifuri mbili" si alama maalumu hata kidogo. Ni stringi ya mwisho na baada yake stringi isiyo na herufi. Matokeo yake ni kwamba orodha ya namna hii haiwezi kamwe kubeba stringi tupu. Mtumiaji akiacha uwanja wa katikati bila kujaza, ukaandika Tanga, kisha tupu, kisha Pemba, msomaji ataiona Tanga peke yake. Pemba imo kwenye kumbukumbu, baiti zake zote zipo, lakini hakuna atakayeifikia, wala hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo aina mbaya kuliko zote ya hitilafu: programu inaendelea kufanya kazi huku data imepungua.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu wakati wa kuandika orodha moja kwa moja kwenye msimbo. Tuseme ni vyumba viwili, 10A na 12B. Mtu anaandika "10A\012B\0" akidhani ameweka sifuri kisha 12B. Mkusanyaji wa C anasoma \012 kama namba moja ya mfumo wa nane, yaani herufi ya mstari mpya. Vyumba viwili vinageuka stringi moja ya ajabu. Gawa maandishi: "10A\0" "12B\0". C huviunganisha vipande vilivyofuatana baada ya kutafsiri alama za mkwaju wa nyuma (\), kwa hiyo sifuri inabaki sifuri. Sifuri ya mwisho kabisa huongezwa na mkusanyaji mwenyewe.

Jibu la pili ni la watu wa Linux, nami ninalipendelea waziwazi. Soma /proc/self/cmdline: utakuta hoja za programu zimepangwa mfululizo, kila moja na sifuri yake, bila sifuri ya ziada mwishoni. Unajua umefika mwisho kwa sababu kerneli imekupa idadi ya baiti ulizosoma. Hoja tupu inaonekana kama ilivyo, tupu. Maktaba ya glibc ina familia nzima ya funksheni kwa ajili ya umbo hili, argz_add, argz_next, argz_delete na wenzake, na zote zinadai vitu viwili: pointa ya bafa na urefu wake. Kitanzi kinabadilika kidogo tu:

    for (i = 0; i < urefu; i += strlen(bafa + i) + 1)
        puts(bafa + i);

Urefu huo unalipa mara nyingi. Kuongeza stringi mpya hakuhitaji kutembea orodha nzima kutafuta mwisho, mwisho unaujua. Kunakili orodha ni memcpy moja, wakati strdup ingenakili Tanga na kuiacha Lamu na Pemba. Kisha kuna usalama. Bafa ikitoka nje, kwenye mtandao au faili, usianze kuita strlen kabla ya kuhakikisha kwamba urefu si 0 na kwamba bafa[urefu - 1] ni sifuri. Ukaguzi huo mmoja langoni unatosha, maana kila strlen itakayofuata italazimika kusimama ndani ya bafa. Hata kwenye Windows funksheni ya RegQueryValueEx haikuhakikishii kwamba sifuri za mwisho zipo. RegGetValue ndiyo inayoziweka zikikosekana.

Bafa ikijaa tunaiongeza kwa realloc, na hapa ndipo wanafunzi wengi huumia. realloc inaweza kuihamishia data mahali pengine. Pointa yoyote uliyoihifadhi ikielekea Lamu sasa inaelekea kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi itaendelea kusoma "Lamu" hadi siku ya kukabidhi kazi. Usihifadhi pointa. Hifadhi nafasi: 0, 6, 11. Bafa ihamie popote, Lamu itabaki nafasi ya 6. Uwezo wa bafa uongezwe maradufu kila inapojaa badala ya baiti chache chache, la sivyo utanakili orodha nzima kila jina jipya linapoingia.

Faili za ELF, ambazo ndizo umbo la kawaida la programu za Linux, zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Jedwali la stringi ni bafa moja, baiti yake ya kwanza ni sifuri, na majina yote hurejelewa kwa nafasi. Nafasi ya 0 ni jina tupu. Tena inaruhusiwa kurejelea katikati ya stringi: ikiwa "kitabu" iko nafasi ya 1, basi "tabu" ipo tayari nafasi ya 3, bila kuongeza hata baiti moja.

Kufuta ndiko udhaifu wa umbo hili. Kuiondoa Lamu ni kuvuta kila kilicho baada yake kwa baiti 5, na ni lazima itumike memmove, kwa kuwa maeneo hayo mawili yanapishana na memcpy haina dhamana hapo. Zaidi ya hayo, nafasi zote ulizohifadhi baada ya Lamu zimebadilika. Kwa orodha inayofutwafutwa au kupangwa upya kila mara, tumieni safu ya pointa na kila stringi iombewe kumbukumbu yake. Bafa moja inafaa orodha inayojengwa mara moja, ikasomwa mara nyingi, na kuachiliwa yote kwa free moja.

Ombi langu kwa wenzangu mnaofundisha C vyuoni ni hili: zoezi la kuandika orodha hii, pamoja na stringi tupu katikati yake, litolewe kabla ya somo la orodha zilizounganishwa kwa pointa, na anayesahihisha aijaribu kila kazi kwa bafa isiyo na sifuri mwishoni.