Lishe na Nywele: Anachopaswa Kukijua Msusi Kabla ya Kushauri Mafuta



Mteja akikaa kwenye kiti cha saluni na kulalamika kwamba nywele zinamwisha, mazungumzo huelekea kwenye mafuta. Atashauriwa nyonyo, nazi, habbat soda, au kupigwa stimingi. Naomba mazungumzo hayo yaanzie kwingine. Kabla ya mafuta, muulize miezi mitatu iliyopita alikuwa anakula nini, alipitia hali gani, na damu yake ikoje. Nitaeleza kwa nini nasema miezi mitatu wala si wiki tatu, na kwa nini naamini kwamba msusi anaweza kuliona tatizo la lishe mapema kuliko daktari. Daktari huonana na mgonjwa kwa dakika chache. Nyinyi wasusi mnakaa na kichwa cha mtu mmoja saa nne au tano, mkigawa ngozi yake mstari kwa mstari.

Unywele unavyolishwa

Unywele tunaoushika mkononi umeshakufa, ndiyo maana tunaukata bila maumivu. Kilicho hai ni shina lake, lililo ndani ya kishimo kidogo chini ya ngozi. Kichwani vishimo hivyo ni takriban 100,000, na chembe hai za shina ni miongoni mwa zile zinazogawanyika kwa kasi kubwa kabisa mwilini. Kazi hiyo inahitaji vifaa bila kukoma: protini ya kutengenezea keratini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya unywele, madini ya chuma na zinki, vitamini, na nguvu itokanayo na chakula. Vyote hivyo huletwa na damu. Mafuta ya nazi yana faida yake ya kweli, maana hupenya kwenye unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Lakini yanautunza unywele uliokwisha kuota. Shina halilishwi nayo.

Kila unywele una ratiba yake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, husimama kwa wiki mbili tatu, kisha hupumzika kama miezi mitatu ndipo unaanguka na mwingine kuota mahali pake. Kwa wakati wowote, nywele 85 hadi 90 katika kila 100 zinakua, nyingine zimepumzika. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Hapa pana jambo linalowatisha wateja wengi bure. Aliyesuka rasta akakaa nazo wiki sita, nywele zote zilizoanguka katika muda huo zilibaki zimenaswa ndani ya rasta. Siku ya kufumua, anaweza kutoa nywele zaidi ya 2,000 kwa mkupuo na akaamini kwamba ameharibiwa. Mwelezeni hesabu hiyo kabla hajaanza kulia.

Kuhusu kasi ya kukua, utafiti wa Geneviève Loussouarn uliochapishwa mwaka 2001 ulipima nywele za Waafrika na kupata wastani wa karibu robo milimita kwa siku, yaani kama milimita 8 kwa mwezi. Za Wazungu zilikaribia milimita 12. Basi anayeuza kopo lenye ahadi ya inchi mbili kwa mwezi anauza uongo, hata kama kopo hilo lina picha nzuri.

Kwa nini miezi mitatu

Mwili ukipungukiwa hufanya kama mama mwenye watoto wengi na sufuria ndogo: moyo, ubongo na mapafu hupakuliwa kwanza, nywele zinasubiri. Homa kali, kujifungua, upasuaji, kupungua damu, au kujinyima chakula ghafla hufanya nywele nyingi ziache kukua kwa pamoja na kuingia kwenye mapumziko. Hazianguki siku hiyo. Zinaanguka miezi miwili hadi mitatu baadaye, wakati mteja ameshaisahau ile homa. Anachokumbuka ni shampuu aliyooshewa wiki iliyopita, au mkono wa msusi wa mwisho. Wengi wenu mmebeba lawama ambazo si zenu.

Kundi moja nalifikiria sana, nalo ni mabibi harusi. Anataka kuingia kwenye gauni, kwa hiyo kwa wiki nane anaishi kwa matango, maji ya ndimu na chai ya kupunguza mwili. Siku ya sherehe nywele ni nzuri kabisa. Miezi miwili baadaye anarudi saluni na kitana kilichojaa. Aliyemwona akipungua wiki kwa wiki ni msusi wake, na msusi ndiye angeweza kumwambia mapema kwamba mwili ukinyimwa protini na nguvu hudai malipo kutoka kichwani.

Mama aliyejifungua ana habari tofauti kidogo. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele nyingi zisiingie kwenye mapumziko, ndiyo maana wengi husema nywele zimejaa. Akijifungua, zile zilizozuiwa huachiwa kwa pamoja, na kati ya mwezi wa pili na wa nne zinanyonyoka kwa wingi. Mara nyingi hali hurudi yenyewe ndani ya mwaka. Anachohitaji mama huyu ni chakula cha kutosha na kupimwa wingi wa damu, kwa sababu alipoteza damu na sasa ananyonyesha.

Kwa watoto jambo ni zito zaidi. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika kuhusu ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa mahindi. Mwaka 1935 aliutangazia ulimwengu kwa jina la watu wa huko, kwashiorkor, nasi tunauita unyafuzi. Nywele za mtoto huyo hupungua, hupoteza weusi na kuwa za rangi ya kahawia au nyekundu, na huchomoka bila mtoto kulia. Chakula kikiimarika halafu kikapungua tena, unywele mmoja huweza kuonyesha mapande ya rangi, jeusi, jekundu, jeusi. Msusi anayewasuka watoto akiona nywele za namna hiyo pamoja na miguu iliyovimba, ampeleke mzazi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto huyo yuko katika hatari ya kufa.

Damu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wateja wenu wengi walipo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu. Katika wanawake kumi wanaopita saluni kwenu, wanne au watano wamo. Si kila mmoja wao ananyonyoka nywele, na mtu anaweza kuwa na wingi wa damu unaoridhisha huku akiba yake ya madini ya chuma, ipimwayo kwa feritini, imekaribia kwisha. Lakini mwanamke ambaye nywele zinapungua kichwa kizima, anachoka, hedhi yake ni nzito na viganja vimepauka, anastahili kipimo kabla ya kopo lolote.

Kuna dalili ambayo nyinyi mnaiona kila siku na hamjaipa uzito. Mteja anatafuna mchele mbichi wakati anasukwa. Mwingine ana pemba kwenye pochi, vile vipande vya udongo vinavyouzwa sokoni, au anaagiza barafu ya kutafuna. Hamu ya vitu hivyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Pemba huongeza tatizo, maana udongo huweza kuyashika madini tumboni yasiingie mwilini. Msimcheke wala msimgombeze. Mwambieni akapime.

Chuma kilichomo kwenye maini, nyama, dagaa na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kile cha maharage, kunde, mchicha, matembele na kisamvu kinaingia kwa shida, lakini kinasaidika sana: kamulia ndimu, au kula na chungwa, pera, embe au juisi ya ubuyu. Kinachokirudisha nyuma ni chai na kahawa zikinywewa pamoja na mlo. Na sisi kifungua kinywa chetu ni chai ya rangi na chapati kwa maharage! Sogeza chai saa moja mbele au nyuma ya mlo. Ni badiliko lisilo na gharama, na ningependa liwe la kwanza kutoka midomoni mwenu.

Chakula peke yake hakitoshi pale damu inapovuja. Safura, uvimbe kwenye kizazi na hedhi ya siku nyingi vinahitaji tiba. Mjamzito asikose vidonge vya madini ya chuma na foliki (FEFO) anavyopewa kliniki. Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu, ambacho hupungua akivimeza baada ya kula. Asiye mjamzito asianze vidonge vya chuma bila kupima.

Sahani yenyewe

Keratini ina kiasi kikubwa cha sisteini, kijenzi cha protini chenye salfa. Mahindi yana upungufu wa kijenzi kingine kiitwacho lisini, ila vile vya salfa yanavyo afadhali. Maharage ni kinyume chake: lisini tele, salfa kidogo. Makande, chakula ambacho baadhi yetu tunakiona cha shule au cha shida, yanaziba pengo la pande zote mbili. Ongeza kiganja cha dagaa au yai, na sahani hiyo haina cha kuonea wivu kwenye duka la vipodozi.

Zinki nayo inatoka kwenye nyama, dagaa, karanga na mbegu za maboga. Nafaka na mikunde vinayo, ila imefungwa na kemikali ziitwazo fitati. Bibi zetu walikuwa na dawa yake: kuloweka maharage na kumwaga maji, kuchachusha uji, kutengeneza togwa kwa kimea. Kazi hizo hupunguza fitati. Mwenye kununua unga wa viwandani atafute ule ulioongezwa virutubishi. Kanuni za nchi za mwaka 2011 zilielekeza unga wa ngano na wa mahindi uongezwe madini ya chuma na zinki.

Vidonge vya nywele

Sasa vimejaa mitandaoni na madukani, vingine kwa sura ya peremende. Vingi vimejengwa juu ya bayotini. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, na kidonge kimoja huwa na 5,000 hadi 10,000. Upungufu wa bayotini ni nadra. Mayai yaliyopikwa, maini na karanga vinatosha. Mwenye kunywa mayai mabichi ajue kwamba ute mweupe mbichi huishika bayotini na kuizuia. Hatari ninayotaka mwiandike ni hii: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba bayotini nyingi hupotosha baadhi ya vipimo vya maabara, kikiwamo kile cha kugundua mshtuko wa moyo. Anayevimeza amwambie daktari kabla hajatolewa damu.

Kuzidisha nako kunanyonyoa. Vitamini A ikizidi mwilini huangusha nywele, na seleniamu vilevile. Mwaka 2008 huko Marekani kirutubishi cha maji kilichotengenezwa vibaya kilikuwa na seleniamu mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Watu 201 waliugua, na wengi wao walinyonyoka nywele. Hata mifugo inatufundisha: farasi na punda wakilishwa sana majani ya lusina hupoteza manyoya ya shingo na mkia, kwa sababu ya sumu iitwayo mimosini iliyomo kwenye majani hayo.

Chakula kisipohusika

Sitaki mtoke hapa mkimpa kila mtu makande. Unywele ulionyonyoka toka shinani una kinundu cheupe mwishoni; uliokatika hauna. Ukatikaji ni suala la dawa za kulainisha, moto na mkono wa kitana. Njaa na damu kidogo hupunguza nywele kichwa kizima. Zikiisha pembezoni mwa paji na juu ya masikio, kosa ni mvuto wa msuko, iwe twende kilioni iliyobana au wigi la gundi. Tafiti za Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Afrika Kusini ziliikuta hali hiyo kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa. Mvuto ukiendelea miaka, ngozi hupata kovu na hakuna chakula kitakachorudisha nywele hizo. Mabaka yenye magamba kwa mtoto ni mapunye, na dawa yake ni ya kumeza, ya hospitali. Upara unaoanzia utosini kwa mwanamke na kutanuka, hasa ukiwa na mwasho, usisubiri. Huyo ni wa daktari wa ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha kanda cha mafunzo ya fani hiyo.

Mteja aliyegundulika ana upungufu na akaanza kula na kutibiwa, mwambieni ukweli wa muda tangu siku ya kwanza. Unyonyokaji utaendelea wiki kadhaa, kwa sababu nywele zilizokwisha kuingia mapumzikoni lazima zianguke. Baada ya miezi sita ataona kama sentimita 5 za nywele mpya. Asiyeambiwa hivyo huacha katika mwezi wa pili na kurudi kwenye makopo.

Kwa kazi ya makundi mchana huu, naomba kila kundi litengeneze maswali matano ambayo msusi anaweza kumuuliza mteja bila kumwaibisha, likiwamo moja kuhusu hedhi na moja kuhusu pemba, na lituambie kituo gani cha afya kilicho karibu na saluni zenu kinapima wingi wa damu, siku zipi, na kwa bei gani.